Majibu Yaliyotangulia Maswali

Katibu wa mbunge aliandika majibu kwanza, kisha akayatafutia maswali. Ndivyo kazi ilivyofanyika katika ofisi ya jimbo tangu Mheshimiwa aapishwe, na hakuna aliyeona ajabu. Kila kikao cha Bunge kilipokwisha, Mheshimiwa alirudi kuwaeleza wananchi mambo aliyoyafanya huko na vikao vilivyokuwa mbele. Kwanza alisoma taarifa, halafu akapokea maswali. Maswali hayo Katibu aliyaandika kwenye vikaratasi na kuyagawa asubuhi kwa watu wa kuaminika, nao waliyauliza kwa mpangilio uleule ambao Mheshimiwa alikuwa amekariri majibu yake. La kwanza barabara, la pili taa, la tatu mikopo ya vijana. Hakuhitaji kusikiliza. Alihitaji tu kujua kuhesabu mpaka tatu.

Katibu alikuwa mwanamke wa makamo aliyesomea takwimu. Aliifanya kazi hii jinsi mtu anavyofua nguo zisizo zake, kwa usafi na bila kuzitazama sana. Safari hii alilazimika kuzitazama.

Ijumaa mchana aliingia na rasimu chumbani kwa Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa amesimama mbele ya kioo akijipima mashati mawili, moja la samawati na moja jeupe. Kwenye kochi aliketi baba mkwe wake, mwenye machinjio ya mjini, ambaye watu wote walimwita Mzee Nyama, yeye mwenyewe akiwepo au asipokuwepo. Alikuwa ametoka kula. Alichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, akaitazama ile njiti, akairudisha mdomoni.

"Soma," alisema Mheshimiwa.

Katibu alisoma. Barabara, taa, safari ya mafunzo, mikopo. Halafu akafika ukurasa wa mwisho. "Muswada wa Machinjio. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, kamati itapokea maoni ya wananchi katika ukumbi mdogo wa Bunge kuhusu kifungu cha maji machafu."

"Hilo toa."

"Ni kikao kinachokuja, Mheshimiwa. Taarifa ni ya kazi zilizofanyika na vikao vinavyokuja."

"Watu hawapendi tarehe. Tarehe zinawachosha. Wape taa."

"Wananchi wana haki ya kujua."

"Wametangaziwa gazetini."

"Ukurasa wa minada. Chini ya tangazo la matairi."

Mzee Nyama alicheka kwa puani. "Binti, hivi wewe umeajiriwa na nani?"

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Muswada ulipoandikwa ulisema kila machinjio yasafishe maji yake kabla ya kuyaachia, na yawe yamejenga mitambo ya kufanya hivyo ndani ya mwaka mmoja. Kamati ikaufuta mwaka mmoja na kuandika "uwezo utakaporuhusu." Mheshimiwa, ambaye ni mjumbe wa kamati hiyo, aliunga mkono badiliko hilo. Kama Alhamisi hakuna mwananchi atakayefika kulipinga, kifungu kitakwenda Bungeni kilivyo, na machinjio ya baba mkwe yataendelea kusubiri uwezo. Mzee Nyama alikuwa na magari matatu na ghorofa, ila uwezo ulikuwa bado haujamruhusu.

"Lipi linanipendeza?" aliuliza Mheshimiwa, akiinua mashati.

"La samawati," alisema baba mkwe. "Jeupe litaonyesha jasho."

Katibu aliufuta ukurasa wa mwisho.

Jioni alikwenda kwa mama yake. Nyumba ya mama ilikuwa nyuma ya machinjio, na mfereji wa machinjio ulipita nje ya jikoni, chini ya dirisha ambalo halikufunguliwa tena. Mama, mkunga mstaafu wa zahanati ya mtaa, alikuwa amesimama ukingoni na kipande cha ubao, akisukuma kitu kilichokwama.

"Mama, acha hayo."

"Nikiacha yanarudi ndani. Tazama mwenyewe."

Katibu alitazama. Maji yalikuwa na rangi ya ini. Juu yake mafuta yalikuwa yameganda kama utando wa maziwa, na kwenye utando huo nzi walitembea bila haraka, kama watu waliolipa kodi ya pango. Kilichokwama kilikuwa kipande cha utumbo kilichovimba. Mama alikichoma kwa ncha ya ubao, kikatoa hewa, na Katibu akageuka upande na kuziba mdomo.

"Mtaalamu wa takwimu," alisema mama. "Tumbo jepesi hivyo."

"Hamia kwangu."

"Nihame nyumba yangu kwa sababu ya ng'ombe wa mtu?"

"Daktari alikwambia kisima ndicho kilichokulaza wodini."

"Najua alichoniambia, nilikuwepo. Kwa hiyo dawa ni mimi kuhama, siyo mfereji kuhama?" Mama aliugonga ubao ukutani ili udondoshe uchafu. "Mvua zikianza haya yanaingia mpaka chumbani. Safari hii sitoki wodini, nakwambia. Nimezeeka. Huyo bosi wako anasemaje?"

"Anasema taa."

Mama aliuegemeza ubao ukutani, akanawa mikono kwa maji ya kununua, na kila kidole alikisugua peke yake.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya mkutano, kabla ya kugawa vikaratasi, Katibu alikichana cha pili na kuandika kingine. Alifikiri kama mtu anayepiga hesabu. Mheshimiwa akiulizwa mbele ya ukumbi mzima kuhusu Alhamisi, atalazimika kutaja Alhamisi. Hata akitaka kudanganya, atadanganya juu ya kitu ambacho watu wameshakisikia. Kikaratasi alimpa fundi cherehani, ambaye alikuwa na sauti ya mtangazaji wa redio na alisoma chochote alichopewa bila kukitia akilini.

"Nikisome kwa huzuni au kwa furaha?" aliuliza fundi.

"Kisome pole pole."

Ukumbi wa jimbo ulijaa mapema kwa sababu harufu ya nyama iliyochemka ilikuwa imetangulia kualika watu. Masufuria makubwa yalikuwa nje, mlango wa nyuma, na Mzee Nyama mwenyewe alisimamia miko. Madirisha ya upande wa mfereji yalifungwa yote. Feni mbili zilizungusha joto lilelile. Watu walijipepea kwa taarifa za Mheshimiwa zilizochapwa kwa rangi, picha yake ukurasa wa mbele, mkono kifuani.

Mheshimiwa alizungumza vizuri. Hilo Katibu hakuwahi kulikataa. Alisimulia safari ya mafunzo na jinsi alivyoona mji ambao barabara zake zinaoshwa kwa sabuni. Alisema alisimama imara. Alisema hatalala. Aliposema "mimi ni mtumishi wenu," alishusha sauti, na kina mama wa mbele wakatikisa vichwa. Maneno hayo Katibu ndiye aliyeyaandika, na alikuwa amepigia mstari mahali pa kushusha sauti.

Ukafika wakati wa maswali. Msusi wa nywele aliuliza kuhusu barabara. Mheshimiwa alijibu barabara. Kisha akasimama fundi cherehani, akakohoa kidogo, akaisafisha sauti.

"Mheshimiwa Mbunge. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi, kamati yako inapokea maoni ya wananchi kuhusu maji machafu ya machinjio. Je, sisi tunaokaa na mfereji tufike ukumbi gani? Na wewe ulipiga kura gani kwenye kifungu hicho?"

Nyuma kabisa mtu aliacha kutafuna karanga. Katibu alishika ukingo wa meza.

Mheshimiwa alitabasamu, akainua vidole viwili.

"Nakushukuru sana, ndugu yangu, kwa swali zuri. Ni swali ambalo limekuwa likininyima usingizi. Niwahakikishie, zote zitawaka. Zote! Kuanzia sokoni mpaka stendi, na kabla ya mwaka kwisha mtoto ataokota sindano barabarani saa nne za usiku!"

Na watu wakapiga makofi.

Hilo ndilo lililomtia Katibu kichefuchefu kuliko utumbo wa jana. Uongo alishauzoea, na hata huu haukuwa uongo. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa. Ni makofi. Yalikuja mahali palepale yalipokuwa yakija siku zote, baada ya neno "sindano," kama maji ya bomba lililofunguliwa. Walikuwa wamesikia swali. Wengine wao walilala na mfereji ule dirishani. Na mikono yao ikapiga. Fundi cherehani mwenyewe, kikaratasi kikiwa kwapani, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

"Swali la tatu," alisema Mheshimiwa.

"La pili halijajibiwa."

Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, pochi mkononi.

"Mama yangu, shikamoo," alisema Mheshimiwa.

"Marahaba. Mwanangu, umeulizwa maji, umejibu taa."

Mahali fulani kijana alicheka. Kicheko kikaruka kiti hadi kiti, na kwa mara ya kwanza Mheshimiwa alikitazama kikaratasi chake cha majibu, kisha akamtazama fundi, kisha akamtazama Katibu. Lilikuwa tazamo la mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Bibi, kaa, tunangoja nyama!" mtu alipiga kelele.

"Nyama unayoingojea wewe nimeshauona utumbo wake," mama alijibu. "Umepita kwangu jana. Ukitaka nikusimulie, njoo karibu."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa sauti. Aliyepiga kelele akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Karibu na ukuta, dereva mstaafu wa mabasi aliinuka na kufungua dirisha la upande wa mfereji, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Harufu iliingia mara moja, nzito na tamu, ikachanganyika na harufu ya masufuria mpaka hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Mwanamke mmoja wa mbele aliufunika mdomo kwa picha ya Mheshimiwa.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa, na jasho lilikuwa limeanza kuonekana hata kwenye shati la samawati. "Hili ni suala la kitaalamu. Sitaki kuwapotosha. Katibu wangu ndiye mtaalamu. Katibu, waeleze." Akampa kipaza sauti haraka, kama anayempa mtu mtoto aliyejikojolea.

Alitegemea Katibu amwokoe, kama alivyomwokoa siku zote. Katibu alisimama na kipaza sauti na akajua kwamba sentensi ya kumwokoa ilikuwa tayari kichwani mwake, imekamilika, na mahali pa kushusha sauti pakiwa pameonyeshwa. Alijichukia kwa wepesi ule.

"Ukumbi mdogo wa Bunge," alisema. "Mlango wa upande wa maktaba. Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Anayetaka kusema ajiandikishe mlangoni. Muswada ulitaka maji yasafishwe ndani ya mwaka mmoja. Kamati ikabadilisha, ikasema uwezo utakaporuhusu. Mheshimiwa aliunga mkono mabadiliko hayo. Msipofika, kifungu kinabaki hivyo."

"Chakula tayari!" ilisikika sauti ya Mzee Nyama kutoka mlango wa nyuma.

Viti vilisukumwa. Katibu alikuwa bado anaeleza kuhusu kitambulisho cha kuingilia, na watu wakampa migongo wakiwa wanaitikia kwa vichwa, "ndiyo, ndiyo," kama unavyomwitikia mtu wa nyumbani huku ukitoka. Kupitia mlango aliona mikono ikinyooshwa juu ya masufuria, mchuzi ukichuruzika viwikoni, na Mzee Nyama akimpa kila mmoja pande lake na kumgonga bega. Dirisha lilikuwa wazi na mfereji ulinuka. Walikula.

Hawakwenda wote. Mama alibaki, na dereva mstaafu, na msusi, na safu moja hivi ya watu wa mtaa wa mfereji, wengi wao wanawake. Fundi cherehani naye alirudi, mfupa mkononi, akakaa.

"Kwani niliuliza nini mimi?" alimnong'oneza msusi.

"Soma kikaratasi chako, mjomba."

Fundi alikisoma, midomo ikicheza. Akauweka mfupa chini ya kiti.

"Usafiri wa Alhamisi niachieni mimi," alisema dereva. "Nilioendesha nao bado wapo barabarani. Mimi nataka vichwa vya kujaza basi tu."

Katika chumba cha nyuma ya jukwaa Mheshimiwa alikuwa akivua shati Katibu alipoingia.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Ungesikiliza swali, ungejibu."

"Nisikilize swali?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao huo ndio uliomkatisha Katibu tamaa kabisa. "Nisikilize ya nini? Maswali si unaandika wewe?"

"Huyu afukuzwe leo," alisema Mzee Nyama akiingia, vidole vinang'aa mafuta.

"Nani ataandika taarifa, Baba? Wewe?" Mheshimiwa alivaa shati jeupe. "Tutaonana Ijumaa, Katibu. Baada ya hiyo Alhamisi yenu. Hakuna atakayefika. Nawajua watu wangu."

Alhamisi walifika. Basi la rafiki wa dereva lilijaa mpaka kwenye ngazi, na wawili wa waliokula nyama nao walikuwemo, wakikwepa macho ya mama. Mlinzi wa Bunge alimuuliza Katibu kama ni msiba. Ukumbi mdogo ulikuwa na mabenchi ya wananchi ambayo ngozi yake ilikuwa bado mpya, kwa sababu hayakukaliwa. Mwenyekiti wa kamati, mama mnene mwenye miwani, aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mheshimiwa alikuwa upande wa wajumbe. Alipowaona, uso wake haukuonyesha kitu. Katibu aliufahamu uso ule. Ulikuwa ukipiga hesabu.

Mama alizungumza kifupi. "Mimi ni mkunga. Zahanati yetu iko upande wa chini wa mfereji. Nimezalisha wanawake pale madirisha yakiwa yamefungwa kiangazi kizima, kwa sababu ukifungua, nzi wanatua kwa mtoto kabla hujamkata kitovu. Wanatoka kwenye damu ya ng'ombe, wanakuja kwenye damu ya mzazi. Nauliza hivi: uwezo wa nani ndio unaongojewa?"

Mwenyekiti aligeukia wajumbe. "Nani anataka kuyasemea maneno haya ya 'uwezo utakaporuhusu'?"

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mheshimiwa.

"Mwenyekiti, hawa ni wananchi wangu. Jumamosi niliitisha mkutano, nikamwagiza katibu wangu awatangazie kikao hiki kwa kipaza sauti, mahali, siku na saa. Yupo pale, atathibitisha. Mwenyekiti, nimekuwa nikiumia kimya kimya. Naomba kutoa hoja kwamba mwaka mmoja urudishwe."

Alishusha sauti kwenye neno "kimya." Mahali hasa ambapo Katibu angepigia mstari.

Hoja iliungwa mkono, ikapita. Mabenchi yalishangilia, msusi akamkumbatia fundi, na fundi akauliza kama ndiyo imekwisha. Katibu alikaa mikono ikiwa mapajani. Alilotaka lilikuwa limepatikana, na lilikuwa limepatikana mikononi mwa mtu huyu, na kila neno alilolisema kuhusu Jumamosi, likichukuliwa peke yake, lilikuwa kweli. Alihisi ladha ya mafuta yaliyoganda kwenye kaakaa.

Kwenye ukumbi wa nje Mheshimiwa alikuwa tayari na mpiga picha. Aliushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akainama kiasi cha kuonekana anainama.

"Katibu," alisema akiwa bado anaitazama kamera, "yaliyopita si ndwele. Jumatatu nataka taarifa. Kichwa cha habari: Mbunge apigania maji safi. Na uweke tarehe ya mkutano ujao, watu wanapenda tarehe."

"Nitaandika kwamba ulipiga kura mara mbili. Mara ya kwanza kuuondoa mwaka mmoja, mara ya pili kuurudisha."

"Hiyo siyo taarifa. Hayo ni matusi."

"Basi tafuta mwandishi mwingine." Alitoa funguo za ofisi kwenye mkoba, na kwa kuwa mikono ya Mheshimiwa ilikuwa imeshika ya mama, alizitia katika mfuko wa shati lake jeupe. Zikalivuta upande mmoja.

Mama aliuchomoa mkono wake. Walishuka ngazi pamoja kuelekea kwenye basi, mama akitangulia kwa sababu hakupenda kushikwa.

"Ungeandika tu," alisema bila kugeuka. "Mfereji haujali nani kasifiwa."

"Mimi najali."

"Haya. Na utakula nini, huko kujali?"

"Nitatafuta kazi."

"Tafuta ya karibu basi. Mwaka mmoja ni mrefu, na yule mkwe wake atajenga ukuta apake rangi aseme ni mtambo. Anatakiwa mtu wa kwenda pale kila wiki, apime, aandike, asinyamaze. Na asiwe na tumbo jepesi."

Katibu aliitikia kwa kichwa, ingawa mama hakuwa akimtazama. Dereva alikuwa ameshawasha injini na fundi cherehani, aliyekaa mbele, aliwasomea wenzake muswada kwa sauti ya redio, kifungu kwa kifungu, akisimama kila mahali ili aulize maana. Juu ya ngazi Mheshimiwa alimwomba mpiga picha arudie. Ya kwanza ilikuwa imemtoa akiwa amefumba macho.